Mtoto wa Mikumi Anahitaji Godoro, Siyo Makofi

Wiki mbili hizi nimekuwa nikiwauliza watu swali moja pale vimbwetani: nitajie klabu moja ya jimnastiki Tanzania. Wapo waliocheka. Wapo walioniuliza kama nimeshasoma kwa ajili ya tesiti. Wengi walikaa kimya. Nilipobadilisha swali nikasema, haya, nitajieni Watanzania waliousimamisha ukumbi mzima Marekani bila kuimba na bila kugusa mpira, jibu lilikuja hata kabla sijamaliza: Ramadhani Brothers!

Hapo ndipo penye hoja yangu. Matunda tunayajua, mti hatuujui. Na mti usiojulikana haumwagiliwi.

Tuanze na matunda. Fadhili Ramadhani na Ibrahim Jobu walifika fainali ya America's Got Talent mwaka 2023. Februari 2024 wakarudi na kushinda America's Got Talent: Fantasy League, na zawadi ya dola 250,000. Kama umeona video zao unajua wanachofanya: mmoja anasimama kichwa chini miguu juu, kichwa chake juu ya kichwa cha mwenzake, halafu yule wa chini anaanza kupanda ngazi. Mikono haishiki. Shingo mbili ndizo zinazozungumza.

Sisi mtaani tunaiita sarakasi, na tukisema sarakasi tunamaanisha kitu cha kuchangamsha sherehe. Lakini Shirikisho la Kimataifa la Jimnastiki, FIG, lina tawi zima la mchezo huo huo: jimnastiki ya sarakasi, yenye wawiliwawili wa kiume, wawiliwawili wa kike, wawili mchanganyiko, wasichana watatu, na wavulana wanne. Ina waamuzi, ina alama, ina mashindano ya dunia. Kwa maneno mengine, anachofanya kijana wa Kitanzania juu ya mchanga kwa kurushiwa sarafu, mwenzake wa nchi nyingine anakifanya kwenye sakafu maalumu na kuvishwa medali. Viungo ni vilevile. Tofauti ni godoro, mwalimu na karatasi.

Na msidhani kwamba nchi hii haijawahi kulijua hilo. Miaka ya 1960, wakati urafiki wa Mwalimu Nyerere na China unashika moto, serikali ilipeleka vijana China wakajifunze sarakasi. Hawakwenda kwa semina ya siku tatu yenye posho na picha ya pamoja. Walikaa miaka. Waliporudi likaundwa Kundi la Taifa la Sarakasi, mwaka 1969, likiwa ndugu wa kundi la taifa la ngoma lililotangulia na lile la maigizo lililofuata miaka ya 1970. Fikirieni hilo: nchi changa, maskini kuliko ilivyo leo, iliona kwamba mwili wa kijana nao ni kitu cha kusomeshwa.

Makundi hayo ya taifa yalivunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kazi ya mafunzo ikahamia Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo tunakiita TaSUBa. Mbegu haikufa. Wazazi wetu walioishi Dar miaka ile watakwambia habari za Muungano Cultural Troupe, DDC Kibisa na baadaye TOT: unalipa kiingilio, unaona ngoma, unaona maigizo, na katikati wanaingia vijana wa sarakasi wanapandiana mabegani mpaka unaogopa kwa niaba yao. Halafu miaka ya 2000 akaja Mzimbabwe, Winston Ruddle, akafungua mafunzo ya sarakasi Dar es Salaam na kuzungusha vijana wetu Ulaya katika onyesho la Mother Africa. Kwa hiyo kwa zaidi ya nusu karne Tanzania imekuwa ikitoa wanasarakasi wa daraja la juu. Serikali ilianza, vikundi vya burudani vikapokea, mtu binafsi akaendeleza. Kilichokosekana katika safari yote hiyo ni klabu ya wilayani, mahali ambapo mtoto wa miaka minane anaingia saa kumi jioni na kutoka saa kumi na mbili akiwa amefundishwa jambo moja sawasawa.

Sasa nije kwetu. Mimi ni wa Mikumi. Wengi wenu mnapajua kwa dirisha la basi: mnapita katikati ya hifadhi, mnapiga picha twiga na nyani, mnashuka kula chipsi, mnaendelea Iringa. Mngekaa siku mbili mngeona kitu kingine. Nyuma ya nyumba za wageni, malori yanapolala, watoto wanafukia nusu ya tairi bovu ardhini, wanakuja mbio, wanakanyaga tairi, wanapiga samasoti na kutua kwenye pumba za mpunga au maranda waliyookota kwa fundi seremala. Hakuna aliyewafundisha. Mkubwa anamfundisha mdogo, na anayekosea anachekwa mpaka apatie. Nilipokwenda mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi upande wa Kilosa nilikuta mambo ni hayohayo, ila huko walitumia ukingo wa shamba uliolimwa ukawa laini.

Shuleni nako kuna halaiki. Kila aliyesoma Tanzania ameiona, kama hakuicheza: mamia ya watoto uwanjani siku ya sherehe ya kitaifa, suruali nyeupe, kitambaa cha rangi, wanajenga piramidi, wanaandika maneno kwa miili yao. Kufundisha halaiki si kazi ya mchezo. Watoto wanajifunza kuhesabu mapigo, kumbeba mwenzao, kushuka bila kumuumiza aliye chini. Huo ni msingi kamili wa jimnastiki. Halafu sherehe inaisha, viongozi wanapiga makofi, watoto wanapewa soda, wanarudi darasani. Basi. Kipaji kilichoonekana asubuhi kinazikwa jioni mpaka mwenge au sherehe nyingine ije.

Kuna atakayesema, "Bwana wewe, klabu ya jimnastiki ya daraja la juu ni mambo ya miji mikubwa." Si kweli, na historia ya mchezo wenyewe inakataa. Tarehe 18 Julai 1976, katika Olimpiki ya Montreal, msichana wa Romania wa miaka 14, Nadia Comăneci, alipata alama 10 kamili kwenye fito mbili. Ubao wa matokeo haukutengenezwa kuonyesha 10, ukaandika 1.00. Alilelewa kimchezo wapi? Si katika mji mkuu wa Bucharest. Ni Onești, mji wa viwanda wa mkoani, ambako watoto walichaguliwa kutoka shule za kawaida. Sisi hatukuwepo Montreal. Tanzania ilikuwa mstari wa mbele katika mgomo wa nchi za Afrika kupinga uhusiano wa raga kati ya New Zealand na Afrika Kusini ya makaburu, na Filbert Bayi, aliyekuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974, akabaki nyumbani. Uamuzi ule naupenda mpaka leo. Lakini mgomo wa Montreal uliisha mwaka uleule. Kutokuwepo kwetu kwenye jimnastiki kumeendelea, na huku hakuna makaburu wa kuwasingizia.

Mfano wa pili ni wa juzi tu. Tarehe 4 Agosti 2024 huko Paris, Kaylia Nemour aliipatia Algeria dhahabu kwenye fito mbili, medali ya kwanza ya jimnastiki ya Olimpiki kwa bara zima la Afrika. Alizaliwa Ufaransa, na klabu iliyomlea ni ya Avoine-Beaumont. Avoine ni kijiji cha watu wasiofika wilaya yetu hata kwa kata moja kubwa. Kinachojulikana pale zaidi ni kinu cha umeme wa nyuklia cha Chinon. Onești palikuwa na viwanda, Avoine pana kinu cha umeme. Mnaona ninakoelekea.

Kilosa si wilaya maskini wa kila kitu. Kuna mashamba ya miwa upande wa Ruhembe yanayolisha kiwanda cha sukari cha Kilombero. Kuna Hifadhi ya Taifa ya Mikumi iliyoanzishwa mwaka 1964, na barabara kuu ya kwenda Zambia inaikata katikati. Kuna mkonge, kuna kituo cha utafiti wa kilimo Ilonga, na sasa treni ya umeme inasimama Kilosa baada ya kutoboa milima. Watalii, wawekezaji, malori, treni, wote wanapita. Kinachobaki kwa mtoto wa pale ni vumbi lao. Nasema mahali penye kiwanda, hifadhi na reli hapawezi kukosa ukumbi mmoja wenye sakafu laini.

Tena kwetu kuna kata inaitwa Ulaya, ndiyo, Ulaya, iko kati ya Kilosa na Mikumi, na utani wake kila mtu anaujua: sisi tunakwenda Ulaya kwa bodaboda. Utani huo una uchungu ndani yake. Kijana wetu mwenye kipaji cha sarakasi akitaka kuishi kwa kipaji chake lazima aende ile Ulaya nyingine, ya viza. Kama hapati, anaishia ufukweni kuruka mbele ya wageni wanaokula.

Namjua mmoja. Tulikua mtaa mmoja, simtaji jina. Alikuwa anasimama kwa mkono mmoja juu ya chupa nne. Alikwenda pwani, akapata kazi ya kuonyesha sarakasi jioni kwenye hoteli. Mkataba haukuwepo, kulikuwa na neno tu la mtu. Usiku mmoja alitua vibaya kwenye sakafu ya vigae, mkono ukavunjika sehemu mbili. Siku ya tatu nafasi yake ilikuwa imeshapewa mwingine. Matibabu alijilipia kwa michango ya wenzake. Leo anauza vocha na kukaanga mihogo, na mkono haunyooki. Ukimuuliza hana kinyongo na sarakasi. Anasema kitu kimoja tu: "Ningefundishwa kuanguka, nisingevunjika." Wale wanaosoma elimu ya michezo wataniunga mkono: somo la kwanza la jimnastiki popote duniani ni kuanguka. Samasoti inakuja baadaye.

Ndiyo maana nasema suala hili si la burudani. Watoto wataruka tu, tupende tusipende. Swali ni kama wataruka juu ya godoro wakiwa na mwalimu, au juu ya pumba wakiwa na bahati.

Sasa pingamizi, maana najua mmeshajiandaa. La kwanza: Kilosa ina shida kubwa kuliko jimnastiki. Mto Mkondoa unafurika, madarasa hayatoshi, na wakulima na wafugaji wamepigana mpaka damu. Desemba 2000 pale Rudewa Mbuyuni waliuawa watu 38. Nani anawaza samasoti katika hali hiyo? Ninawaza mimi, na kwa sababu hiyohiyo. Katika sarakasi huwezi kusimama juu ya mabega ya mtu usiyemwamini. Nionyesheni shughuli nyingine ambayo mtoto wa mfugaji na mtoto wa mkulima watalazimika kushikana viganja na kubebana kila jioni kwa miaka mitano. Sisemi piramidi itamaliza mgogoro wa ardhi. Ardhi inamalizwa kwa sheria na mipaka. Nasema wanaokua wakibebana huwa na neno la kuambiana kabla ya kushika silaha.

La pili: wasichana. Wazazi wengi hawatakubali binti avae nguo za kubana aruke mbele za watu. Sawa. Mbona kwenye halaiki wanaruka na suruali pana na fulana, na wazazi wanakuja kushangilia? Klabu ya Kilosa ivae Kilosa. Mavazi yasiwe kisingizio cha kuwafungia nje nusu ya watoto.

La tatu ndilo zito zaidi: usalama wa watoto. Hapa nawaunga mkono wanaotia shaka. Mchezo huu una aibu yake. Larry Nassar, daktari wa timu ya jimnastiki ya Marekani, alihukumiwa Januari 2018 kifungo cha miaka 40 hadi 175 baada ya mamia ya wasichana na wanawake kueleza jinsi alivyowanyanyasa. Walisema kwa miaka mingi, wakubwa hawakusikia kwa sababu medali zilikuwa zinakuja. Kwa hiyo klabu yoyote tutakayoianzisha ianze na kanuni kabla ya fito: mwalimu hakai peke yake na mtoto, mlango uko wazi, mzazi anaruhusiwa kukaa benchi na kutazama siku yoyote, na kuna mtu nje ya klabu wa kupelekewa malalamiko. Klabu isiyoweza haya isifunguliwe kabisa, hata kama ina kipaji cha kutisha.

Kuna tatizo jingine la kiutawala ambalo wenzangu wa sheria na utawala wa umma mlitazame. Sarakasi yetu imeanguka kwenye ufa. Ikiitwa sanaa, inapelekwa BASATA, baraza lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984. Ikiitwa mchezo, ni BMT, ya sheria ya mwaka 1967. Kijana wa tairi na pumba hajui aende mlango upi, na kote anaweza kuambiwa aende mlango wa pili. Mabaraza yote mawili yako chini ya wizara moja! Kukaa meza moja na kukubaliana kwamba vikundi vya sarakasi vinaweza kusajiliwa kama klabu za michezo bila kupoteza usanii wao hakuhitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Kunahitaji mtu wa kuuliza.

Basi tuulize. Lakini tusiishie kuuliza, maana wasomi tumezidi kwa maazimio. Napendekeza mambo manne yanayowezekana kabla hatujamaliza chuo.

Moja, serikali yetu ya wanafunzi itenge sehemu ya fungu la michezo kununua magodoro ya mazoezi. Tuanze na kona moja ya ukumbi, jioni mbili kwa wiki, na tuwaalike vijana wa sarakasi wa mitaa ya jirani waje watufundishe. Wao ndio walimu, sisi ndio wanafunzi. Fungu hilo kila mwaka linaishia kwenye jezi za bonanza ambazo baada ya mwezi ni matambara ya kudekia.

Mbili, wakati wa likizo, wanaotoka Morogoro twende na godoro hizo Kilosa na Mikumi. Chuo cha VETA kiko Mikumi palepale. Boriti ya mazoezi ina urefu wa mita 5 na upana wa sentimita 10, mbao ambayo fundi yeyote wa uselemara anaweza kuitengeneza, na ya kujifunzia inalazwa chini kabisa. Tukae na mafundi, tukae na walimu wa halaiki, tuone kipi kinatengenezeka hapahapa.

Tatu, wanasheria waandike mkataba mfupi wa Kiswahili, ukurasa mmoja, ambao mwanasarakasi anaweza kuutoa mfukoni mbele ya mwenye hoteli au wakala wa nje: malipo kiasi gani, nani anatibu nikiumia, pasipoti yangu inakaa kwangu. Mkataba huo ungemfaa jirani yangu kuliko hotuba zetu zote.

Nne, vikundi vya vijana vifundishwe kuomba ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 yake ni ya vijana. Kikundi cha bodaboda kinaomba, kikundi cha kufuga kuku kinaomba. Kikundi cha sarakasi kina kazi, kina wateja kwenye harusi na hotelini. Kinachokosekana ni mtu wa kukiandikia mchanganuo, na humu chuoni watu wa biashara wamejaa wanatafuta cha kufanya mpaka bumu liingie.

Hayo hayatatupa dhahabu mwaka kesho. Bingwa wa jimnastiki anachukua miaka kumi kuiva, na pengine wilaya nzima isipate hata mmoja. Lakini itapata mamia ya watoto wanaojua kuanguka bila kuvunjika, na wachache watakaokwenda kazini na mkataba mfukoni. Kwangu hiyo inatosha kuitwa mafanikio ya klabu.

Mwezi ujao bunge la wanafunzi linakaa kupitisha bajeti. Kwenye mstari wa michezo kutakuwa na jezi, mipira na posho za waamuzi kama kawaida. Mwakilishi wako unamjua, na namba yake unayo. Mwambie aongeze mstari mmoja: magodoro.